UZI: Kauboi wa Brazil naye ni mbeba boksi tu. Sekunde 8, ukidondoka hulipwi

Tairi_18 (mleta uzi)

Wakuu habari za jumapili. Uzi wa leo ni mrefu, asiyependa kusoma apite kushoto mapema tusije tukalaumiana.

Mi ni dereva wa lori huku Marekani, mwaka wa sita huu, nakaa pembeni ya Fort Worth, Texas. Wale wa "nyie mnabeba boksi tu huko" mko sahihi kabisa, nabeba, tena boksi langu lina magurudumu 18. Sasa kuna kimji kinaitwa Decatur, kama kilomita 60 na kitu hivi kutoka Fort Worth ukiishika barabara ya 287 kuelekea kaskazini. Nilikuwa na mzigo wa chakula cha mifugo wa kushusha hapo, nikaingia sheli kununua kahawa, ndani nakuta vijana watano wako foleni, makofia ya kauboi, buti, jinzi za kubana, halafu kila mmoja kwenye mkanda ana bizimu kubwa kama kisahani cha chai. Nikasema haya, Texas yenyewe ndo hii. Wakafungua mdomo, Kireno! Mmoja akamwambia mwenzie kitu na neno "mesa" ndani yake, mi nikageuka shingo kama nimeitwa maana nilisikia meza kabisa. Akanicheka, nikamuuliza kwa Kiingereza changu kibovu nyie wa wapi, akajibu kwa Kiingereza kibovu kuliko changu: Brazil.

Hapo ndo nikajua kitu ambacho naamini wengi humu hamkijui. Kauboi tunayemjua sisi ni mzungu wa kwenye sinema, bunduki kiunoni, anatafuna kijiti. Ila ukienda kwenye mashindano makubwa ya kupanda mafahali hapa Marekani ukaangalia orodha ya mabingwa, nusu nzima utadhani ni kikosi cha timu ya taifa ya Brazil. Wanapanda ndege kutoka vijijini São Paulo, Mato Grosso do Sul, Goiás huko, wanakuja kumpanda fahali wa Mmarekani mbele ya Wamarekani na mpunga wanaondoka nao. Na Decatur ndo kijiwe chao kikuu, wamejaa.

Naendelea, ngoja nishushe mzigo.

kibajaji_cha_Mbagala

Nimekaa paleeee 🍿

mzee_wa_fact

Hii chai. Mbrazil ni mpira. Wamarekani wenyewe wenye rodeo yao (hiyo michezo ya makauboi) wako wapi mpaka mtu atoke Brazil aje kuwafundisha? Leta majina mkuu tusizugane.

Tairi_18

Majina haya hapa, kagoogle mwenyewe.

Kuna kitu kinaitwa PBR, ni ligi ya kupanda mafahali peke yake. Wapandaji 20 walikaa mwaka 1992 kila mmoja akatoa dola 1,000 wakaianzisha, maana kwenye rodeo za kawaida mchezo wa fahali ulikuwa unachanganywa na mingine kibao na wao wakaona wao ndo wanajaza watu ila mfukoni hakuna kitu. Bingwa wa kwanza kabisa wa hiyo ligi, 1994, ni Adriano Moraes. Mbrazil. Mwaka huohuo akaenda kwenye fainali za taifa za rodeo Las Vegas, zile za usiku 10 mfululizo kila usiku fahali mwingine, na akakaa kwenye mafahali wote 10. Akachukua tena ubingwa wa PBR 2001 na 2006. Mara 3.

Ednei Caminhas 2002, Mbrazil. Guilherme Marchi 2008, Mbrazil, na huyu historia yake inauma: 2005 wa pili, 2006 wa pili, 2007 wa pili, ndo 2008 akachukua. Miaka mitatu mtu unarudi nyumbani na "nilikaribia". Renato Nunes 2010. Silvano Alves 2011, 2012 na 2014. Kaique Pacheco 2018. José Vitor Leme 2020 na 2021, akaja kurudia tena 2025. Rafael José de Brito 2023, Cassio Dias 2024. Kati ya 2010 na 2014 Mmarekani alipata mwaka mmoja tu kupumua, 2013, kupitia J.B. Mauney.

Na wewe wa "Mbrazil ni mpira", huyo Leme alikuwa anacheza mpira kweli kabla hajakomaa na mafahali. Mwaka 2021 kwenye fainali Las Vegas alimpanda dume linaitwa Woopaa akapewa 98.75 kwa 100. Haijawahi kutolewa alama kubwa hivyo kwenye hiyo ligi.

mzee_wa_fact

Sawa, nimerudisha kiti. Endelea.

Nyamongo_boy

Mkuu hizo alama zinapatikanaje? Sekunde 8 mbona kidogo sana, mi nikiwa mdogo nachunga ng'ombe wa babu nilikuwa napanda madume tunaenda nayo mpaka mtoni

Tairi_18

Mkuu wewe ulimpanda ng'ombe aliyekuzoea. Huyu kazaliwa kwa kazi hiyo, baba yake alikuwa anarusha watu na mama yake katoka ukoo wa warushaji, wanapimwa mpaka DNA na kusajiliwa kama farasi wa mbio. Kilo 700 mpaka 900. Anaruka mbele, anapiga teke nyuma, halafu anajizungusha kama pia, yote kwa pamoja.

Alama ni 100, hamsini za mpandaji na hamsini za fahali. Ndiyo, fahali naye anapewa maksi. Kwahiyo ukimpata fahali mvivu hata ukikaa vizuri alama zako zinakuwa za maskini. Sasa fikiria, unaomba Mungu upewe dume kali zaidi ndo upate hela, na hilohilo kali ndo litakuvunja. Mkono mmoja tu ndo unashika kamba, mwingine uko hewani, ukigusa fahali au ukijigusa nao umetoka. Sekunde 8 zisipotimia una sifuri. Sekunde 7.9 ni sifuri.

Na sifuri maana yake hela sifuri. Hapa ndo niliposema huyu jamaa ni mbeba boksi kama sisi, tena afadhali sisi. Mi nikiendesha maili 600 nalipwa maili 600, hakuna mtu wa kuniambia umefika maili 599 kwahiyo pole. Kwenye rodeo nyingi za kawaida mtu analipa ada ya kuingia kwa hela yake, anajaza mafuta, analipa gesti, anakwenda kumpanda fahali wa mtu, akidondoka sekunde ya tano anakung'uta vumbi anarudi kwenye gari anaendesha usiku kucha kwenda mji mwingine kujaribu tena. Na hata akikaa zile 8 bado anaweza asilipwe kama wenzie walipata alama kubwa zaidi. Mshahara hakuna. Ile bonasi ya dola milioni 1 ya bingwa wa PBR mnayoiona kwenye mitandao inaenda kwa mtu mmoja kwa mwaka, waliobaki wanagawana jasho. Tangu 2022 kuna ligi ya timu, wanachaguliwa kwa timu kama mpira wa kikapu (Leme ndo alichaguliwa wa kwanza kabisa, Austin Gamblers wakamchukua), hapo kidogo mambo yamekuwa afadhali kwa wakali. Ila yule wa chini bado ni kama bodaboda wa mkataba, siku usipoingiza ni shida yako.

BiMkora

Sasa kwanini waje Marekani kwani Brazil hakuna ng'ombe? Nchi ya nyama ile

Tairi_18

Dada wapo tele, tena rodeo ya kwao ni moto. Kuna mji unaitwa Barretos, jimbo la São Paulo, wana tamasha la rodeo tangu 1956, kila mwezi wa nane. Uwanja wake umechorwa na Oscar Niemeyer, yuleyule aliyechora majengo ya Brasília, unaingiza watu kama elfu 35. Mpandaji wa Brazil kushinda Barretos ni kama mwanamuziki wa Bongo kujaza Taifa.

Ila real (hela ya Brazil) na dola, dada. Ndo hilo tu. Kijana kakulia kwenye shamba la watu, baba yake mchunga ng'ombe wa tajiri, yeye naye anaanza na ndama akiwa mtoto. Anasikia Moraes alienda Marekani akarudi kununua shamba lake mwenyewe. Wewe ungefanyaje? Kwetu si ndo hivihivi, mmoja akienda Oman au Marekani akarudi kajenga, mtaa mzima unatafuta pasipoti.

mwalimu_wa_zamu

Mleta uzi viza wanapataje hawa? Maana sisi hapa tunanyimwa na barua za mwaliko tunazo

Tairi_18

Kuna viza ya wanamichezo inaitwa P-1, hiyohiyo wanayotumia wachezaji wa michezo mingine. Lazima awepo wa kukuombea huku na uonyeshe umeshindana kwa kiwango kinachojulikana kimataifa, vyeti, alama, picha, magazeti. Kwahiyo huwezi kuamka tu Kahama ukasema mi napanda madume.

Huyu jamaa yangu (jina siliweki, tumuite Mbrazil tu) aliniambia mara ya kwanza anatua Dallas alikuwa na begi moja la turubai na hofu. Ndani ya begi kamba, glavu, kizibao, helmeti, buti zenye vile vyuma vya kisigino na kengele. Akiburuza begi, kengele inalia korido nzima. Afisa akamuuliza hii ya nini, yeye Kiingereza hana, akafanya kama anampanda fahali palepale mezani kwa uhamiaji. Jamaa wote wakacheka, akagongewa muhuri.

kibajaji_cha_Mbagala

😂😂😂 kengele ya nini sasa kweli?

Tairi_18

Kamba haifungwi kwa fahali, mkuu, hapo ndo watu wengi wanakosea. Inazungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mkia wake unavutwa ukakaza, halafu wewe unaupitisha kwenye kiganja unaufumba. Kinachoshikilia kila kitu ni ngumi yako. Ukiachia, kamba inalegea, na kengele iko chini kama uzito wa kuivuta idondoke, fahali asibaki anakimbia nayo.

Nitawaeleza nilivyoona kwa macho yangu.

Jumamosi moja jamaa wakanialika mazoezini. Ni zizi tu la vyuma nyuma ya nyumba ya mtu, taa mbili, magari ya pikapu yamepaki, muziki wao wa kijijini unapiga, nyama inachomwa, ukifumba macho ni Dodoma mnadani. Mbrazil akatundika kamba kwenye bomba la chuma akaanza kuipaka ulimbo mkavu uliosagwa, anaisugua kwa glavu juu chini juu chini mpaka ikapata moto, harufu kama ya msonobari. Anasugua haongei na mtu. Hapo nikamwona mtu mwingine kabisa, yule mcheshi wa sheli kaenda.

Wakamwingiza fahali kwenye kizimba, kizimba chembamba, fahali hawezi kugeuka. Mbrazil akashuka juu yake taratibu kama mtu anaingia kwenye maji ya baridi. Mguu mmoja huku mguu mmoja kule, na fahali anasukuma ukuta wa chuma na yeye mguu uko katikati. Mwenzie akamvutia kamba. Akaingiza mkono, akazungusha, akaigonga ngumi yake kwa mkono wa pili ifunge. Akavuta kofia… hapana, helmeti, yeye ni wa kizazi cha helmeti. Akaitikia kwa kichwa. Hivyo tu, kutikisa kichwa, ndo geti linafunguliwa. Hakuna moja mbili tatu.

Wakuu mi nilikuwa nimejiandaa kuhesabu. Nilifika tatu. Sijui nne niliisahau wapi. Fahali alitoka kushoto, akaruka, akabadilisha akazunguka kulia, na Mbrazil alikuwa kama kitambaa kwenye kamba ya nguo siku ya upepo, halafu ghafla nikamwona hayuko juu, yuko chini ya miguu na vijana wawili wameshaingia kati wanampigia fahali kelele usoni ili awafukuze wao. Hao nao ni kazi yao, kazi ya kufukuzwa. Aliinuka, akachechemea mpaka kwenye uzio, akauliza kitu kwa Kireno. Nikamuuliza mwenzie kasema nini. "Kauliza sekunde ngapi." Ilikuwa tano na kitu.

Akampanda mwingine. Akadondoka. Wa tatu akakaa, na alipokaa hakushangilia, aliruka akaangukia magoti akafanya ishara ya msalaba akaenda kula nyama.

Nyamongo_boy

Nimefuta kauli yangu ya mtoni.

Mama_Kinyozi

Mimi hapa siungi mkono. Si wanambana yule ng'ombe sehemu za siri ndo anaruka hivyo? Ukatili tu, mnashangilia nini

Tairi_18

Hilo la sehemu za siri nami nililiamini mpaka nikaangalia kwa karibu. Ile kamba ya nyuma inapita kiunoni, mbele ya nyonga, haigusi huko. Inamkera, anapiga teke juu zaidi, ikishatolewa anatulia na kutembea kurudi zizini. Ila sitakudanganya kwamba hakuna ubishi, upo na ni wa siku nyingi. Mwaka 1924 makauboi wa Marekani walipanda meli wakaenda London, wakafanya rodeo uwanja wa Wembley kwenye yale maonyesho makubwa ya himaya, Waingereza wakajaa kweli ila walipoona ng'ombe wanavyokamatwa kwa kamba na kubwagwa chini wakapiga kelele, yakawa makesi. Mwaka 1934 bunge lao likatunga sheria, kukamata kwa kamba ng'ombe au farasi asiyefunzwa marufuku, kumfunga kamba ya kumfanya aruke marufuku. Mpaka leo rodeo ya namna hii Uingereza hakuna. Kwahiyo mama hauko peke yako, una bunge zima nyuma yako.

Mchanga_wa_Wete

Nyie mwaona ajabu, sie Pemba tuna mchezo wa ng'ombe tokea enzi, wazee wasema waliuacha Wareno. Ng'ombe afungwa kamba, vijana wamtega kwa kitambaa, ngoma yapigwa, akinamama waimba, watu wamepanda juu ya miti. Na hauawi. Kwahiyo hao Wareno wa Brazil ni ndugu zetu wa mbali kwa upande wa ng'ombe 😄

Tairi_18

Mkuu umenikumbusha, nilimwambia Mbrazil kwamba kwetu tuna meza, bendera na mvinyo, yote ya kwao, akashangaa akasema kwahiyo mna vitu vyote vya harusi. Hilo la Pemba sikumwambia, nitamwambia.

shiundu_254

Hapa kwetu Kakamega ng'ombe wanapigana wenyewe, huku kwa Waisukha na Waidakho, asubuhi na mapema, ngoma ya isukuti inachapwa na mwenye fahali anakimbia naye barabarani kama ameshinda uchaguzi. Lakini mtu kupanda juu? Zii. Sisi tunajipenda.

Swali boss: kuna mweusi amewahi kufanya hii kitu ama ni ya hao wengine tu?

Tairi_18

Shiundu hapo umenigusa panapo. Makauboi wa kweli wa zamani, wanahistoria wengi wanakadiria mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Wengi walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, kuchunga ng'ombe ilikuwa kazi chafu wakaachiwa wao. Sinema ndo ziliwafuta.

Kuna mtu anaitwa Bill Pickett, kazaliwa Texas 1870. Huyu ndo aliyeanzisha mchezo wa kumrukia ng'ombe kutoka juu ya farasi na kumbwaga chini kwa pembe. Mtindo wake yeye ulikuwa anamng'ata ng'ombe mdomo, ndiyo, kwa meno, kama mbwa wa kuchunga, halafu anaachia mikono anajiangusha naye. Ndo kauboi mweusi aliyesafiri kabla hata ya hao Wabrazil kufikiriwa: 1908 alikuwa Mexico City uwanja wa mafahali, anang'ang'ania fahali huku watazamaji wanamrushia vitu maana waliona anadharau mchezo wao. Mwaka 1914 akaenda London na onyesho la makauboi la 101 Ranch, na huko vita vya kwanza vikawakuta, serikali ya Uingereza ikachukua farasi wao kwa ajili ya jeshi. Umesafiri na farasi umevuka bahari halafu unarudi na hatamu mkononi.

Na heshima aliyopewa baada ya kufa nayo waliikosea. 1994 posta ya Marekani ikatoa stempu yake, kumbe picha waliyoweka ni ya ndugu yake, Ben. Wakazirudisha wakachapisha upya.

Kwenye kupanda mafahali, Charlie Sampson akawa bingwa wa dunia 1982, mweusi wa kwanza, mtoto wa Los Angeles, hata shamba hakukulia.

shiundu_254

Kung'ata ng'ombe mdomo. Nimefunga simu nimeifungua tena.

mzee_wa_fact

Mleta uzi kuna kitu sijaelewa. Kwanini Wabrazil wanatamba kwenye mafahali tu? Rodeo si ina vitu vingi, kukamata ndama kwa kamba, farasi n.k.

Tairi_18

Swali zuri kuliko yote ya leo. Nilimuuliza Mbrazil akanijibu kwa kuonyesha begi lake. Mtu wa kukamata ndama lazima awe na farasi wake, aliyemfunza miaka, wanaelewana kwa goti tu. Huyo farasi utampandisha ndege gani na kwa hela gani? Wa mafahali anabeba kamba tu, fahali atamkuta hukohuko, ni wa mwenye rodeo. Ndo maana maskini wa ng'ambo anaingilia mlango wa fahali. Mlango wa hatari ndo mlango wa bei rahisi.

Ila wapo waliovunja hiyo, kwa kuja kuishi huku na kupata farasi hukuhuku. Junior Nogueira, Mbrazil, 2016 alikuwa bingwa wa dunia wa jumla kwenye rodeo, na yeye ni mtu wa kamba. Marcos Costa 2017 akachukua ya kukamata ndama. Na mafahali sio Wabrazil peke yao, 1998 bingwa wa PBR alikuwa Troy Dunn wa Australia, huko nako kuna mji wa Mount Isa wana rodeo tangu 1959.

BiMkora

Na wakiumia?

Tairi_18

Ndo hapo dada.

Vile vizibao wanavyovaa vimekuja baada ya Lane Frost, bingwa, kufa kwenye rodeo ya Cheyenne mwaka 1989. Alimaliza sekunde 8 zake vizuri, akashuka, fahali akamgeukia akampiga mgongoni kwa pembe. Rafiki yake Cody Lambert ndo akatengeneza kizibao cha kuzuia. Helmeti zikaja taratibu kwa sababu ya ubishi wa kofia, mpaka PBR ikaweka sheria 2013 kwamba aliyezaliwa kuanzia tarehe 15 Oktoba 1994 lazima avae. Wazee wakaachwa na kofia zao.

Lakini kizibao hakizuii kila kitu. Agosti 2021 kijana wa Kibrazil, Amadeu Campos Silva, miaka 22, mguu wake ulinasa kwenye kamba pale Fresno, California, akavutwa chini, fahali akamkanyaga kifua. Alikuwa na kizibao, alikuwa na helmeti. Alifariki. Pale Decatur ukilitaja jina hilo watu wanavua kofia, na mtu anabadilisha mada.

Mama_Kinyozi

Mungu amrehemu. Miaka 22 jamani.

mwalimu_wa_zamu

Nimesoma yote. Na huyo Mbrazil wako sasa hivi yuko wapi, bado anashinda?

Tairi_18

Mwezi uliopita alikwenda rodeo moja ndogo Oklahoma, akadondokea bega, mfupa wa mtulinga ukakatika. Bima aliyokuwa nayo imelipa kidogo, kingine analipa polepole. Anakaa palepale Decatur chumba kimoja na wenzie wanne, wanamlisha, wao wakivunjika yeye atawalisha, ndo utaratibu wao hawajaandikiana popote. Jumapili nampitia nampeleka duka la Walmart anasukuma toroli kwa mkono mmoja.

Juzi alikuwa anaongea na mama yake kwa video. Kabla ya kupiga akavaa jaketi juu ya bandeji, akafunga zipu mpaka shingoni, joto la Texas la mwezi wa sita, jasho linamtoka. Mama akamuuliza mbona umevaa hivyo. Akamwambia huku kuna baridi.

kibajaji_cha_Mbagala

Daah. Mi ndugu yangu wa Muscat anaamini nafanya kazi ofisini.